Unyevu wa Chini ya Rundo

Swali la kama muuzaji analazimika kuifichua kasoro ya kitu anachokiuza, au kama inamtosha kunyamaza na kumwachia mnunuzi ajitafutie mwenyewe, ni miongoni mwa maswali ya kale zaidi katika falsafa ya maadili na katika fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, na kila zama zimelijaribu kwa bidhaa zake: nafaka, mifugo, nyumba, farasi, na hata binadamu waliokuwa wakiuzwa sokoni. Katika zama hizi ni vigumu kupata bidhaa inayolijaribu swali hilo kwa ukali zaidi kuliko gari-nyumba dogo lililokwisha kutumika kwa miaka 25 au 40, yaani lile gari lenye kitanda, jiko la gesi, friji na tangi la maji ambalo watu wa Ulaya na Amerika Kaskazini husafiri nalo na kulala ndani yake. Sababu ni kwamba kitu hicho ni gari na ni nyumba kwa wakati mmoja, kina maradhi ya gari na maradhi ya nyumba, na mengi ya maradhi hayo yamo baina ya ubao wa ndani na bati la nje, mahali ambapo jicho halifiki. Zaidi ya hayo, muuzaji amelala ndani yake usiku wa mvua na anajua tone linaangukia wapi, ilhali mnunuzi hulikuta limeoshwa, madirisha yamefunguliwa, mchana wa jua, naye ana saa moja tu ya kulitazama.

Magari haya, kwa jumla, ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni gari la kawaida lililobadilishwa ndani bila kuvunjwa umbo lake, na mfano wake maarufu ni kombi ya Volkswagen ya kizazi cha tatu, T3, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1979, ambayo nyingi kati yake zilifanyiwa kazi ya ndani na kampuni ya Westfalia katika mji wa Rheda-Wiedenbrück, Ujerumani, zikawekewa paa linaloinuka, kitanda cha kukunja na makabati. Neno kombi si geni kwa msomaji wa Afrika Mashariki, na Afrika Kusini iliendelea kuzitengeneza gari za kizazi hicho hadi mwaka 2002. Mabati ya T3 yameungwa kwa mishono iliyozibwa kwa ulimbo, na ulimbo huo ukikauka na kupasuka, maji huingia katika mshono na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje, hata rangi inapovimba upande wa nje kazi ya upande wa ndani imekwisha kitambo. Injini zake za petroli zinazopozwa kwa maji nazo huvuja kwenye gasketi za vichwa vya silinda, hasa ikiwa mwenye gari alizembea kubadilisha maji ya kupozea kwa miaka mingi.

Namna ya pili ni gari ambalo kiwanda kimeacha kichwa na chesisi tu, mara nyingi vya Fiat Ducato iliyoanza kutoka mwaka 1981, kisha mjenzi mwingine akajenga chumba juu yake. Ukuta wa chumba hicho ni fremu ya miti myembamba, katikati pamejazwa povu gumu la kuzuia joto na baridi, nje pamefunikwa bati la aluminiamu au faibaglasi, na ndani plaiwudi nyembamba iliyobandikwa karatasi ya urembo. Adui wa ukuta huo ni maji ya mvua, ambayo hupenya kwenye viungo vya kona, kwenye kingo za madirisha, kwenye mashimo ya skrubu zilizoshika reli ya turubai na kuzunguka dirisha la paa, kisha huteremka taratibu ndani ya ukuta bila kuonekana hadi kwenye mti wa chini, ambao huyanywa na kuoza mpaka ukibonyezwa unabonyea kama mkate uliolowa. Yote haya huweza kutokea kwa miaka mitano au kumi huku karatasi ya urembo ikibaki nzuri, na siku doa la kwanza linapojitokeza juu ya kitanda, gharama ya kuufungua ukuta na kuujenga upya huenda ikazidi bei ya gari zima. Kwa sababu hiyo wanunuzi wenye uzoefu huja na kipima unyevu, chombo kidogo chenye sindano mbili kinachoonyesha kiasi cha maji yaliyomo ndani ya mti, na kwa desturi yao kipimo cha chini ya asilimia 15 huhesabiwa kuwa salama, kinachozidi 20 humfanya mtu asite, na kinachozidi 30 huashiria kwamba mti wenyewe umeanza kuharibika.

Picha hii ya maji yaliyojificha chini ya sura kavu inafanana mno na tukio moja lililopokewa katika hadithi sahihi za Mtume Muhammad, ambalo wanazuoni wamelifanya kuwa msingi wa mlango mzima wa sheria ya biashara. Mtume alipita sokoni akalikuta rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani yake, na vidole vyake vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye nafaka, mtu yule akajibu kwamba ilinyeshewa na mvua, na Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu wakaiona, kisha akatamka kwamba mwenye kughushi hayumo katika kundi lake. Mambo mawili katika tukio hilo hupitwa haraka na wasomaji wengi. La kwanza ni kwamba mtu yule hakulaumiwa kwa kuwa nafaka yake ililowa, kwa maana mvua haikuwa kosa lake, wala hakukatazwa kuiuza. Alichotakiwa ni kuubadilisha mpangilio wa rundo tu. La pili ni kwamba hakuna mahali inaposimuliwa kwamba alisema uongo wowote kwa mnunuzi yeyote. Rundo lenyewe ndilo lililosema uongo kwa niaba yake, kwa kuonyesha sura kavu juu ya tumbo lililolowa, na hilo lilitosha kuitwa ghushi, neno ambalo Kiswahili kimelichukua na kulitumia hasa kwa fedha bandia na hati bandia, ingawa hapo mwanzo liliihusu nafaka halisi iliyopangwa vibaya.

Yafaa hapa kutofautisha daraja mbili ambazo wenye kujitetea hupenda kuzichanganya. Daraja moja ni kuficha kwa kitendo, na fikihi inao mfano wake mashuhuri, nao ni mnyama aliyeachwa siku kadhaa bila kukamuliwa ili kiwele chake kijae na mnunuzi adhani kwamba ana maziwa mengi. Jambo hilo huitwa tasriya, na mnunuzi aliyehadaiwa hupewa hiari ya kumrudisha mnyama pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokwisha kuyakamua. Kiwele hicho kina ndugu zake katika biashara ya magari-nyumba. Injini ya dizeli isiyotaka kuwaka asubuhi huwashwa kabla mnunuzi hajafika, ili aikute ikiwa moto na tiifu. Doa la unyevu hupakwa rangi au hubandikiwa karatasi mpya. Kiungo kinachovuja huzungushiwa silikoni nyeupe juu ya ulimbo uliokufa, nayo hupendeza kwa mwezi mmoja. Mfano wenye hatari kubwa zaidi ulionekana Marekani katika magari-nyumba madogo yaliyojengwa juu ya pikapu za Toyota miaka ya 1970 na 1980. Ekseli ya nyuma ya pikapu hizo ilikuwa nyepesi kuliko uzito wa chumba kilichojengwa juu yake, na katika baadhi ya magari ziliongezwa pete za kuunganishia ili kila upande uwe na magurudumu mawili badala ya moja, hata yakaonekana kama lori imara ilhali mhimili wenyewe ulibaki ni uleule na ungeweza kukatika njiani. Anayelijua jambo hilo huhesabu nati za gurudumu la nyuma, akikuta tano anatambua kwamba ni ekseli nyepesi, na akikuta sita anatambua kwamba ni ile nzito iliyokuja baadaye. Asiyelijua huyaona magurudumu manne na kupata utulivu usio na msingi, na utulivu huo ndio kitu hasa alichouziwa.

Daraja ya pili ni kunyamaza, na hapo ndipo wanafalsafa walipogawanyika. Cicero, mwanafalsafa wa Roma ya kale, katika kitabu cha tatu cha maandishi yake kuhusu wajibu, aliyoyaandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia mjadala wa wanafalsafa wawili wa madhehebu ya Stoa, Diogenes wa Babiloni na mwanafunzi wake Antipater wa Tarso, juu ya mtu anayeuza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye peke yake. Kwa Diogenes, muuzaji anapaswa kutaja yale yanayodaiwa na sheria na kujiepusha na hila, lakini kutosema si sawa na kuficha, na mtu hawezi kulazimishwa kutangaza kila ambalo msikilizaji angefaidika kulijua. Kwa Antipater, binadamu wamefungwa pamoja na undugu wa maumbile, na kumwacha mtu aingie katika hasara kwa kutojua jambo unalolijua wewe ni kuuvunja undugu huo. Cicero mwenyewe alimuunga mkono Antipater, ingawa kwa hoja nyembamba zaidi, kwamba si kila kutosema ni kuficha, ila kutosema kunakuwa kuficha pale ambapo mtu anataka, kwa faida yake mwenyewe, wenzake wasijue jambo ambalo wana haja nalo.

Hoja ya Diogenes isipuuzwe, kwa sababu ndiyo hoja ambayo wauzaji wengi waungwana huishi nayo bila kulijua jina lake. Ina nguvu pale inapohusu maoni, ladha na makisio: mwenye gari halazimiki kumwambia mnunuzi kwamba kitanda ni kifupi, kwani urefu wa kitanda unaonekana na urefu wa mnunuzi anaujua mnunuzi mwenyewe. Inapoteza nguvu zake zote inapofika kwenye ukuta, kwa kuwa kati ya pande mbili ni mmoja tu aliyelala pale usiku wa mvua, na ujuzi wake haukupatikana kwa werevu wala kwa jasho la utafiti ambalo angeweza kulidai ujira. Ulimjia kwa sababu tu alikuwa mwenye kitu. Ujuzi wa namna hiyo ni sehemu ya kitu chenyewe, kama ufunguo na kadi ya gari, na haieleweki kwa haki gani mtu anaweza kupokea bei ya kitu kizima kisha akaubakiza ufunguo mmoja mfukoni.

Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa Kanisa Katoliki wa karne ya 13, alilitazama jambo hilo kwa upande mwingine, akauliza kasoro ni ya namna gani kabla ya kuuliza muuzaji anawajibika vipi. Akitumia mfano wa farasi mwenye jicho moja, alisema kwamba kasoro iliyo wazi haimlazimu muuzaji kuitangaza, maadamu ameipunguza bei ipasavyo, ilhali kasoro iliyofichika inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari ni lazima itajwe. Maneno hayo mawili, hasara na hatari, hayana uzito sawa. Unyevu ukutani ni hasara, nayo ni nzito kwa mtu aliyekusanya akiba ya miaka ili anunue gari la kustaafia; lakini jiko au friji ya gesi isiyoungua vizuri ndani ya chumba kidogo kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini. Muuzaji anayejua kwamba mpira wa gesi umechakaa au kwamba bomba la moshi la kipasha-joto limetoboka, akanyamaza, hawezi kujificha nyuma ya hoja ya Diogenes, kwani hapa kinachohatarishwa ni uhai, si mali tu.

Mfano wa jicho la farasi, pamoja na uzuri wake, unaacha swali ambalo Thoma hakuhitaji kuliuliza katika ulimwengu wa farasi, nalo ni kwamba kasoro iko wazi kwa nani. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne, mbili za kwanza zikionyesha wiki na mbili za mwisho mwaka ambapo tairi lilitengenezwa, kiasi kwamba 2309 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Magari-nyumba hukaa sana na kutembea kidogo, hivyo tairi zake huzeeka kabla ya kuisha, na mtu anaweza kukuta kashata zimesimama kama mpya juu ya mpira uliokwisha kukauka na unaoweza kupasuka kwa uzito na mwendo. Tarehe imeandikwa, hakuna aliyeifuta, na bado mnunuzi wa mara ya kwanza haioni kwa sababu hajui kwamba ni tarehe. Kusema kwamba kasoro hiyo ni ya wazi ni sawa na kumkabidhi asiyejua kusoma waraka na kudai kwamba ameshaarifiwa. Inaelekea kuwa haki zaidi kusema kwamba uwazi wa kasoro hupimwa kwa jicho la yule aliyesimama pale, na muuzaji anayemwona mnunuzi wake akilipiga teke tairi kwa furaha anajua vizuri jicho hilo ni la namna gani.

Swali gumu kuliko yote, hata hivyo, ni kasoro yenyewe ni nini katika kitu ambacho uzee ni sehemu ya maumbile yake. Imam Nawawi, mwanazuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277, ambaye kitabu chake Minhaj ndicho kilichotegemewa kwa vizazi vingi katika darasa za Kishafii, zikiwemo za mwambao wa Afrika Mashariki, aliiwekea kasoro masharti mawili: kwanza, iwe inapunguza kitu au thamani yake kwa namna inayomkosesha mnunuzi lengo lililo sahihi, pili, iwe ni jambo ambalo kwa kawaida halimo katika vitu vya jinsi ile. Sharti la pili ni la hekima kubwa, maana ndilo linalozuia kila mkwaruzo kuwa daawa. Kutu nyepesi chini ya gari la mwaka 1986, kitambaa cha kiti kilichofifia, mlango unaolia, haya si kasoro kwa maana ya sheria, kwa kuwa gari la umri huo lisilokuwa nayo ni nadra, na mnunuzi anayetaka gari la miaka 40 lenye ngozi ya gari la mwaka jana anataka kitu ambacho hakikuuzwa.

Lakini sharti hilohilo linaweza kugeuzwa kuwa ngao ya mwenye hila, naye akasema kwamba magari-nyumba mengi ya umri huu yana unyevu ukutani, kwa hiyo unyevu si kasoro bali ni hali ya jinsi yake. Jibu linapatikana kwa kuyasoma masharti mawili kwa pamoja na kulitazama neno jinsi kwa makini. Jinsi ya kitu kinachouzwa haiwekwi na umri peke yake, bali pia na lile ambalo kitu kinatajwa kuwa ndilo na bei inayodaiwa kwa ajili yake, kwa sababu gari linalouzwa kama nyumba ya kulala liko katika jinsi ya vitu vinavyokinga mvua, ilhali gari linalouzwa kwa robo ya bei kama la kutengenezwa au la vipuri liko katika jinsi nyingine, na humo ukuta uliooza si jambo la kushangaza. Muuzaji ana haki ya kuchagua jinsi moja kati ya hizo. Asichoweza kukifanya ni kutoza bei ya jinsi ya kwanza na kujitetea kwa hoja ya jinsi ya pili.

Pana jambo la lugha ambalo halipasi kuachwa. Neno la Kiarabu linalotumiwa na wanazuoni kwa kasoro ya bidhaa ndilo lililokuja kuwa aibu katika Kiswahili, na katika safari hiyo limehama kutoka kwenye bidhaa na kuhamia kwa mtu, kiasi kwamba Mswahili hasemi tena kwamba ngamia ana aibu bali husema hivyo juu ya mwenye ngamia, na kwa kasoro ya kitu amebakiwa na maneno kama ila, dosari na kombo. Pengine uhamaji huo ni wa bahati tu, kama maneno mengi yanavyohama. Hata hivyo unafuata njia ileile ya mtu wa rundo la nafaka, ambaye maji yalipokuwa ndani ya nafaka yake hakuwa na lawama, na lawama ikamwandama yalipofunikwa.

Wauzaji wanaotaka kuukwepa mzigo huu huwa na maneno yao ya kinga, na katika Ujerumani, ambako biashara ya magari haya ni kubwa, desturi ni kuandika kwamba kitu kimenunuliwa kama kilivyoonekana au kwamba dhamana yote imeondolewa. Sheria ya madai ya nchi hiyo, katika kifungu cha 444, inaitambua kinga ya namna hiyo lakini inamnyima muuzaji aliyeficha kasoro kwa hila. Wanafikihi waliizungumzia kinga hiyo karne nyingi kabla, chini ya jina la kuuza kwa sharti la kuepukana na kasoro, na msimamo wenye nguvu zaidi katika madhehebu ya Shafii unashangaza kwa ukali wake: sharti hilo humwepusha muuzaji na kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye hakuijua, wala halimwepushi na kitu kingine chochote. Mnyama alitofautishwa kwa sababu hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, hali yake hubadilika, na ni mara chache kusalimika na ugonjwa uliojificha, hata kumtaka mwenye mnyama ayadhamini matumbo yake ni kumtaka asiloliweza. Je, gari-nyumba kuukuu liko upande wa mnyama au upande wa meza na nguo? Kwa dhahiri ya matini liko upande wa pili, kwa kuwa halina uhai, na muuzaji wake hana kinga. Lakini ukitazamwa msingi wa hukumu, yaani ndani isiyofikika na hali inayobadilika bila mwenyewe kujua, mtu anaweza kuona kwamba ukuta uliofungwa kwa miaka 30 una jambo la matumbo ya mnyama, na kwamba muuzaji asiyejua anastahili huruma ileile. Iwe hivi au vile, kinga hiyo inasimama juu ya sharti moja, kwamba muuzaji awe kweli hakujua.

Kuhusu sharti hilo kuna kisa kilichopokewa na Imam Malik katika kitabu chake cha hadithi, Muwatta, kisa ambacho kinahusu kuuzwa kwa binadamu, jambo ambalo msomaji wa leo hawezi wala hapasi kulipita kana kwamba ni la kawaida, hasa katika mwambao ambao ulijua soko la aina hiyo mpaka karne ya 19. Sahaba Abdullah bin Umar alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kuepukana na kasoro, mnunuzi akaja kulalamika kwamba mtumwa ana ugonjwa ambao hakutajiwa, na shauri likafika kwa khalifa Uthman bin Affan, ambaye aliamua kwamba Abdullah aape kuwa alimuuza bila kuujua ugonjwa huo. Abdullah alikataa kuapa, akamrudisha mtumwa kwake, mtumwa akapona, kisha akamuuza kwa dirhamu 1,500. Hakuna anayemdhania mtu wa uchamungu wake kwamba alikataa kwa kuwa alijua na kuficha. Inafaa zaidi kufahamu kwamba aliogopa kuapa juu ya mpaka wa ujuzi wake mwenyewe, kwa maana kati ya kujua na kutojua pana eneo pana la kuhisi, kushuku na kuamua kutochunguza. Mwenye gari-nyumba ambaye kila vuli hunusa harufu ya ukungu kabatini, akafungua dirisha na kuifunga kabati, asiinue godoro asije akaona, huyo siku ya kuuza atasema kwamba hakujua lolote, na ulimi wake hautakuwa umesema uongo. Kama angetakiwa kuapa angesita, na kusita huko ni ushahidi wa kutosha kwamba ana la kusema. Haimlazimu kutoa hukumu ya fundi. Inatosha aseme kwamba kabati lile hunuka masika na vuli na kwamba hajawahi kulichunguza.

Kunyamaza hakumdhuru mnunuzi peke yake. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani George Akerlof alichapisha makala, baada ya kukataliwa na majarida matatu, iliyoeleza kwa mfano wa magari yaliyotumika kwamba pale wanunuzi wasipoweza kutofautisha gari zuri na bovu, hutoa bei ya wastani kwa yote, wenye magari mazuri huona bei hiyo haiwafai na kuyaondoa sokoni, na soko hubaki na yale mabovu. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa tuzo ya Nobel ya uchumi kwa utafiti wa aina hiyo. Aliyelitunza gari lake, akabadilisha ulimbo kila baada ya miaka michache na kuweka risiti zote, hulipwa bei iliyoshushwa na ukimya wa majirani zake.

Kwa upande wa mnunuzi, wapo wanaodhani kwamba kukagua kwa makini ni kumtuhumu mwenzako, na wapo wanaodhani kinyume chake, kwamba aliyekagua amejitwika kila kitakachogunduliwa baadaye. Dhana zote mbili zina makosa. Mtume hakumtuhumu mwenye nafaka, aliingiza mkono tu, na nafaka njema isingepungukiwa na chochote kwa mkono huo. Mnunuzi anayelala chali chini ya chesisi na tochi, anayebonyeza kila kona ya sakafu kwa kisigino, anayeomba injini iwashwe ikiwa baridi, anayefungua kila kabati na kunusa kabla ya kutazama, anafanya lile ambalo wenzake watakaolala humo, mara nyingi watoto, wana haki ya kulitarajia kutoka kwake. Asiyefanya hivyo amenunua mbuzi kwenye gunia na sehemu ya lawama ni yake. Ila lawama ya mnunuzi mzembe haipunguzi hata chembe ya wajibu wa muuzaji anayejua. Wala wajibu hauishii kwa wawili hao, kwani Nawawi na wenzake walisema kwamba hata mtu wa tatu anayeijua kasoro, asiye na hisa katika mauziano, anapaswa kumwambia mnunuzi. Na hukumu hiyo inamgusa moja kwa moja fundi aliyelitengeneza gari hilo mwaka jana na leo amesimama pembeni akitazama bei ikipatanwa.

Ujuzi, pia, unaweza kuwa upande wa mnunuzi. T3 zilizo nzima zimepanda thamani mno, na si ajabu mrithi asiyejua kitu kuiuza ile ya marehemu baba yake kwa bei ya chuma chakavu kwa mtu anayejua hasa inafaa kiasi gani. Nawawi anataja habari za sahaba Jarir bin Abdullah, ambaye mtumishi wake alimnunulia farasi kwa 300, naye Jarir akamwambia mwenye farasi kwamba mnyama wake ana thamani zaidi, akaendelea kuongeza kidogo kidogo mpaka akamlipa 800, kwa sababu alikuwa amempa Mtume ahadi ya kumtakia mema kila Mwislamu. Wengi huisoma habari hii kama ukarimu uliopita kiasi. Anayekubali hoja ya Antipater, hata hivyo, atapata taabu kueleza kwa nini ujuzi wa muuzaji uwe deni na ule wa mnunuzi uwe faida halali, na ni heri akiri kwamba anajiona salama zaidi katika hoja hiyo anapokuwa yeye ndiye mnunuzi asiyejua.

Limebaki suala la ukuta wenyewe, ambao hauwezi kujulikana kwa hakika bila kutobolewa. Kwa kawaida mnunuzi aliyegundua kasoro ya zamani, lakini naye akaleta uharibifu mpya katika kitu, hupoteza haki ya kukirudisha bila ridhaa ya muuzaji na hubaki na haki ya fidia ya tofauti ya bei. Minhaj, hata hivyo, inavitoa katika kanuni hiyo vitu ambavyo kasoro yake haijulikani ila kwa kuviharibu, na mifano yake ni yai, tikiti lenye wadudu, na nazi: aliyevunja nazi akakuta imeoza huirudisha na wala halipi chochote kwa kuivunja. Kisha pamewekwa mpaka, kwamba akiharibu zaidi ya kiasi kinachohitajika ili kujua, ziada hiyo ni uharibifu wake mwenyewe. Kwa mujibu wa mpaka huo, tundu dogo la bisibisi nyuma ya kabati, pale ambapo kipima unyevu kilionyesha 30, ni kuvunja nazi. Kuubandua ukuta mzima kwa hasira siku ya mvua ya kwanza si kuvunja nazi tena.